Soma Kimya Nusu Mwaka

Niliingia kama tunavyoanza barua huku Betsukai:
kwanza baridi inayonyemelea, kisha afya zenu,
kisha samahani ya kuwasumbua,
na mwishoni kabisa, kama mkia wa ng'ombe, swali lenyewe:
mashine yangu ya kufunga majani haikazi fundo,
kila robota la tano linafumuka shambani.
Nikatia sahihi: Setsuyo Kurosaka, mjane, ng'ombe arobaini na mmoja.

Nilidhani kuuliza si ujinga.

Wa kwanza akajibu: nyasi.
Wa pili: nyasi tupu.
Wa tatu: bonde zima limeota.
Nami, mwanamke wa malisho tangu kuzaliwa,
nikashukuru, nikafafanua: ni timothi,
mkato wa pili, wa Septemba, unyevu kidogo.
Lo! Zikaota mpaka mlimani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nilipewa amri:
Mama, soma kimya nusu mwaka.

Nikasoma.
Baada ya kukamua alfajiri, soksi za Eikichi miguuni,
chai ya shayiri ikipoa kando ya kompyuta,
nikajifunza kwamba kicheko chetu huanza na W,
na W zikipangwa mstarini, wwww, huchipua,
ndiyo maana anayecheka husema nyasi.
Hakuna aliyekuwa akiongelea malisho.
Kwamba nane nane nane ni makofi,
kwa kuwa nane yetu ikitamkwa haraka hulia pa! kama kiganja.
Kwamba jina ni aibu: wote pale ni Bwana Hana-Jina,
ila aliyeanzisha mazungumzo, huyo ni Moja,
awe mpumbavu namna gani, Moja.
Kwamba jibu lako huyapandisha mazungumzo juu, kila mtu akayaona,
basi mwenye adabu huandika shusha
akapita mlango wa uani, asiamshe nyumba.

Na mazungumzo ya kale hayafukuliwi.
Hilo walilisema kwa ukali, kama walinzi wa makaburi.

Tomonari akapiga simu kutoka Sapporo.
Unafanya nini, mama? Nasoma.
Unasoma nini? Nyasi.
Akanyamaza. Jumapili ile alikuja na daktari wa kumbukumbu.

Februari, theluji ikiwa imefunga dirisha la jikoni,
nikatafuta namba iliyochongwa ubavuni mwa mashine yangu.
Yakatokea mazungumzo ya miaka minane nyuma,
sauti thelathini na moja. Ya kumi na mbili ilisema:

Fundo halina kosa. Kosa ni uzi.
Kwangu waziri wa fedha hununua wa bei rahisi,
nami naogopa kumwambia kuliko ninavyoogopa dubu wwww

Hana-Jina. Saa tisa na nusu usiku.
Saa ambayo Eikichi huvaa koti, husema
anakwenda kumtazama anayekaribia kuzaa.
Nikahesabu: mwaka ule walizaa wachache mno
kwa safari zote zile za ghalani.

Labda siye. Waume waoga wamejaa Hokkaido,
na uzi wa rahisi unauzwa kila duka la ushirika.
Hata hivyo nilikaa pale mpaka ng'ombe wakaanza kulia,
maziwa yamewajaa, na mimi nacheka peke yangu,
mdomo wazi, bila herufi.

Aprili, nusu mwaka ikatimia.
Nikafukua. Najua haifai.
Nikaandika shusha, nikapita uani,
na chini ya sauti ya thelathini na moja
nikaacha w,
jani moja tu, bila sahihi.

Kisha nikaendesha gari hadi ushirika
nikanunua uzi wa ghali, marobota mawili ya uzi.
Haruomi wa kaunta akauliza kama nimeshinda bahati nasibu.
Nane nane nane, nikamjibu.
Akanitazama.
Nusu mwaka, nikamwambia, nikichukua chenji. Kimya.